Ngiri Ni Nyara ya Serikali

Nawatega, wajukuu zangu, na anayejua anyooshe kidole asipayuke. Ana geti lakini si shule, ana askari lakini si jela, wageni huja na kamera kumtazama lakini si bwana harusi. Ni nani?

Twiga? Twiga hana geti. Rais? Umekosa, na ushike adabu. Basi mmeshindwa, nipeni mji. Mmenipa Mtondogoo? Ahsanteni, ingawa huo si mji, ni nchi nzima, tena ndiyo ninayokaa. Nimeipokea. Nimekwenda Mtondogoo, nimefika, nimevua ndara, na haya ninayowaandikia ndiyo niliyoyakuta. Jibu nitawapa mwisho.

Nchi yetu imeitwa Mtondogoo kwa sababu ya huruma za ofisi zake. Kwingine ukienda na shida unaambiwa njoo kesho. Sisi hatupendi kumhangaisha mtu hivyo. Baada ya kesho kuna keshokutwa, baada yake mtondo, halafu ndiyo mtondogoo; basi unaambiwa urudi mtondogoo, upate nafasi ya kupumzika. Wengine wamepumzika moja kwa moja.

Mjukuu wangu Mwatumu anasomea udaktari wa kupasua katika hospitali kuu. Babu yake, yaani mume wangu Mzee Machano, humwita "mke mdogo", nami namwita "mke mwenzangu", kama mnavyojua utani wa babu na bibi na mjukuu wa kike. Jambo hili nalisema mapema kwa sababu baadaye lilileta kizaazaa mahakamani.

Zamani wanafunzi hao walikuwa chini ya Daktari Shekuwe, na mafunzo yake yalikuwa ya kishamba kabisa. Mwanafunzi ananawa mikono mpaka ngozi inalia, anasimama karibu na mgonjwa, anashika taa, anashika mkasi, anatazama. Akishatazama sana, siku moja Daktari anamwambia, "Haya, shona wewe, nami niko hapa." Basi. Hakuna umeme, hakuna utepe wa kukata, hakuna hotuba. Mwatumu alikuwa akirudi nyumbani anashona kila alichokiona: maganda ya ndizi, ngozi ya kuku, foronya zangu. Babu yake akilala mchana alijifunika hadi utosini.

"Mke mdogo ana sindano," alisema, "nisije nikaamka nimezibwa mdomo."

"Mke mwenzangu," nikamwambia Mwatumu, "siku hiyo nitakushikia taa mimi."

Serikali ikaona huko ni kuchelewa. Waziri wa Afya ya Kisasa, Mheshimiwa Chambilecho, akasafiri ng'ambo kutazama wenzetu wanafanyaje, akarudi na masanduku ya miwani.

*

Miwani yenyewe ni mikubwa, utadhani mtu amefungwa bakuli la uji usoni. Ukiivaa humwoni aliyekaa mbele yako. Unaona chumba cha upasuaji ambacho hakipo, na kitandani mgonjwa ambaye hajazaliwa. Unampasua hewani. Ukikosea anafutika, analetwa mwingine. Mambo hayo wameyaita uhalisia pepe.

Mimi sipingi maendeleo, nilitaka kuuliza tu. Pepe ninayoijua ni ya mpunga: ganda lipo, ndani hamna kitu, ukipeta inaruka ungoni inakwenda zake.

"Bibi, hiyo ni pepe nyingine," Mwatumu akaniambia. "Hii ni ya kompyuta."

"Ndani mna kitu?"

"Mna umeme."

Nikaridhika.

Siku ya uzinduzi wagonjwa walitolewa wodini wakaketishwa juani, ili wageni wapate pa kukaa. Mheshimiwa Chambilecho akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo hakuna mtu wetu atakayefia mikononi mwa mwanafunzi! Watakufa wagonjwa pepe! Waacheni wafe!" Makofi. "Damu pepe haichafui shuka! Mgonjwa pepe hana shangazi wa kuja kulia korido nzima! Hali chakula! Halalamiki! Na kama nilivyosema kwa busara jana, chambilecho mimi mwenyewe, mgonjwa pepe ndiye mgonjwa aliyestaarabika!"

Makofi yakapigwa mpaka wagonjwa wa juani wakadhani chakula kimeletwa.

Ikabaki kazi moja. Mashine imetengenezwa mbali, haijui maradhi ya kwetu. Palikuwa na mgeni mmoja aliyekuja nayo, ambaye kwa lugha yetu alijua "karibu sana" na hakuna zaidi, hivyo tukamwita Bwana Karibu Sana. Akaeleza kupitia mkalimani kwamba mashine inaelewa lugha zote za dunia. Itajieni ugonjwa tu, yenyewe itautengeneza. Daktari Shekuwe akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akasema jina peke yake halitoshi, mashine ielezwe kila ugonjwa ni kitu gani na unakaa wapi.

"Itifaki!" Mheshimiwa akamkemea, akakivuta kipaza sauti. Akajipigapiga kifua, akaitajia mashine kwa sauti ya uwanja wa mpira: "Mtoto wa jicho! Kidole tumbo! Ngiri!"

Mashine ikakoroma kidogo. Ikajibu kwa sauti ya mwanamwali: "Nimeelewa."

"Karibu sana!" akasema Bwana Karibu Sana, na utepe ukakatwa.

Sasa wajukuu, ninyi mnajua kwamba majina ya maradhi yetu ni vitendawili. Mtoto wa jicho si mtoto, ni ukungu unaoziba mboni. Kidole tumbo si kidole, ni kijiutumbo kilichojikunja pembeni hakina kazi. Na ngiri, mbali na yule mnyama wa porini mwenye meno nje, ni utumbo uliopenya kwenye tundu ukatuna kinenani. Mtu aliyelelewa hapa hategeki. Lakini mashine haikuwa na bibi.

*

Masomo yakaanza, na Mwatumu akawa anarudi na habari kila jioni.

Somo la mtoto wa jicho: mgonjwa pepe anafumbua jicho, ndani mna mtoto mchanga analia. Mwanafunzi anamtoa taratibu, anambadilisha nepi, anambembeleza. Aliyemcheulisha vizuri alipata alama zote.

Somo la kidole tumbo: unapasua tumbo, unakuta kidole kimesimama, kimevaa pete, kinakunyooshea wewe. Hapo mashine inataka ukate kucha. Kuna kijana alifelishwa kwa kuacha ncha.

Na somo la ngiri! Mlango wa chumba cha upasuaji unafunguliwa teke, anaingia ngiri mzima, mkia juu kama eriali, anazunguka kitanda. Mtihani ni kumkamata. Basi darasa zima, vijana waliofaulu kemia, wakawa wanatimua mbio na mabakuli yao usoni, wanapishana, wanagonga kuta, wanakumbatia nguzo wakipiga kelele "Nimempata!" Waliovunjika mikono walipelekwa wodini, lakini hakukuwa na wa kuwafunga, maana mkono uliovunjika ulikuwa haujatajwa kwenye kipaza sauti.

Daktari Shekuwe akaingia darasani siku hiyo, akasimama katikati, akagongwa na wanafunzi pande zote.

"Profesa," akamwambia Profesa Sikitu, mkuu wa mafunzo mapya, "ngiri hii si mnyama."

"Si kitu, Daktari," akajibu Profesa Sikitu. Ndivyo anavyojibu kila jambo, na ndivyo alivyopata cheo.

"Ngiri hii iko kinenani mwa watu. Inauma. Inaua."

Neno likafika kwa Mheshimiwa. Naye hakukasirika kwa sababu ya watu kuuawa, alikasirika kwa sababu ya sarufi. Akaitisha waandishi wa habari.

"Mnamsikia? Ngiri *hii! Inauma!* Tangu lini mnyama akasemwa *hii?* Hata mtoto wa darasa la pili anajua ni ngiri *huyu*, ngiri *anauma!* Mtu asiyejua kwamba ngiri ni mnyama, dawa yake ni kupelekwa akamwone!"

Daktari Shekuwe akahamishiwa Mbuga ya Wanyama, kwenye kibanda cha kutibia wanyama walionasa mitegoni. Na ili asizuke mwingine wa kuchanganya wananchi, Bunge likapitisha sheria kwa sauti ya ndiyo: ngiri, popote atakapokutwa, ni mnyamapori na ni nyara ya serikali, na kumtaja kwa *hii, ile* au *inauma* ni kosa.

Mimi nikamwambia Mwatumu angalau sasa kila kitu kiko wazi. Yeye hakucheka. Aliketi anashona foronya yangu, anafumua, anashona tena.

*

Mzee Machano alikuwa na uvimbe wake kinenani wa siku nyingi. Akisimama unatoka, akilala unarudi. Alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea mpangaji. Asubuhi moja nikamwomba anisogezee kinu. Nilisema kusogeza, yeye, kwa kuwa jirani yetu mjane alikuwa anapita, akakinyanyua.

"Mama we," akasema, "nimesikia kitu kimesema paa."

"Ni kinu?"

"Ni mimi."

Tukamlaza, uvimbe haukurudi. Ukawa mgumu kama kokwa la parachichi. Akaanza kutapika, na utani ukamwisha, ndipo nami nikaogopa, maana mume wangu aliuoa utani kabla ya kunioa mimi. Mwatumu akambonyeza kidogo na kidole, akaniita pembeni.

"Bibi, utumbo umenaswa kwenye tundu. Daktari Shekuwe alitufundisha kabla hajaondolewa. Ukikaa umenaswa unaoza, na mwenyewe anaondoka nao. Lazima apasuliwe leo."

"Leo?" nikamwuliza. Katika nchi yetu hilo neno halitumiki ovyo.

Tukamkokota hadi hospitali. Dada wa mapokezi, kalamu sikioni, akauliza, "Ana nini mzee?"

"Ngiri," nikasema.

Akaruka juu ya meza, akabonyeza kengele. Wakaja wanafunzi mbio, miwani usoni, huyu na wavu, yule na kipande cha muhogo. Mmoja akapiga magoti mbele ya mume wangu, akamnyooshea muhogo kwenye zipu.

"Ksi, ksi, ksi. Toka, baba. Toka taratibu."

"Kijana," Mzee Machano akasema kwa shida, "kama unaniletea muhogo, mdomo uko huku juu."

Akaja Profesa Sikitu mwenyewe, naye na bakuli lake usoni. Akapapasa hewa kulia, akapapasa kushoto.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Niko hapa!"

"Nasikia sauti," Profesa akasema, "lakini mgonjwa simwoni. Huyu hajapakiwa kwenye mashine."

"Profesa," Mwatumu akasema, "vua miwani."

"Nikivua nitaona kitu gani ambacho kimo kwenye mtihani? Si kitu, binti. Mleteni mtondogoo, tutakuwa tumempakia."

Mume wangu akanishika upindo wa kanga. Mkono wake ulikuwa na jasho la baridi.

Hapo ndipo mke mwenzangu alipofanya jambo la kuniliza. Alitoka uani, akatoa simu, nikamsikia kwa masikio yangu.

"Haloo, Wanyamapori? Kuna mzee amekutwa na ngiri. Ndiyo, *yuko* hai. Hapana, hana kibali. *Amemficha* ndani ya suruali. Njooni haraka kabla *hajafa*."

Idara ya Wanyamapori ndiyo ofisi pekee nchini isiyolijua neno mtondogoo. Machozi yangu hayajafika kidevuni, gari limeshaingia na king'ora, na koplo mmoja mnene, Koplo Tabu, ameshamfunga mume wangu pingu.

"Mke mdogo," Mzee Machano akasema, "wewe ndiye umenishitaki?"

"Mimi, mume wangu. Inuka upesi."

"We mtoto una wazimu?" nikamrukia. "Nimekulea, nimekulisha, umenishonea foronya zote, leo unamfunga babu yako?"

Akanifinya mkono. "Bibi, nakutegea. Nyara wakizikamata wanazipeleka wapi?"

"Mbugani."

"Na mbugani yuko nani?"

Nikafuta machozi. Halafu nikapanda gari kabla yao wote, nikamwambia Koplo, "Kanyaga mafuta, mwanangu, ngiri anatoroka!"

*

Daktari Shekuwe tulimkuta anamfunga swala bendeji. Amepungua mwili, uso umetakata. Koplo Tabu akapiga saluti.

"Afande, tumeleta ngiri!"

"Mweke zizini."

"Yumo ndani ya mzee, afande."

Daktari akainua macho. Akamwona Mwatumu, akamwona mume wangu alivyojikunja, akamwachia swala akaenda zake na bendeji inaburuta.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, alipobeba kinu," Mwatumu akasema.

"Nawa."

Mwatumu akanawa mpaka ngozi ikalia. Meza ni ileile ya wanyama, ikasuguliwa, vyuma vikachemshwa, Mzee Machano akachomwa ganzi. Mimi niliwekwa dirishani upande wa nje, nikaambiwa nisiongee, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaweza.

Alipokwisha kufungua, Daktari akarudi hatua moja nyuma. "Haya," akasema, "endelea wewe, nami niko hapa."

Mjukuu wangu akatia mkono, akasita.

"Daktari," akasema, "ni wa moto."

"Nini?"

"Utumbo. Kwenye miwani hakukuwa na kitu chenye joto."

"Ni babu yako huyo," Daktari akamjibu polepole. "Mtu ana joto. Panua tundu."

Akalipanua. Utumbo ulikuwa umebadilika rangi, mweusimweusi kama zabibu iliyokauka. Wakaufunika kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, wakasubiri. Mwatumu hakupepesa jicho. Nyuma yangu nikasikia majani yanakatwa: ngiri wenyewe, wale wa kweli, wamepiga magoti ya mbele wanakula nyasi kama kawaida yao, utadhani wamekuja kutuombea. Mama na watoto wake, mikia imesimama. Nikawaambia kimoyomoyo, haya, endeleeni.

"Umerudi," Mwatumu akasema. "Daktari, umerudi rangi! Tazama, wa waridi!"

"Basi urudishe kwake, ushone mlango."

Akashona. Mshono mdogomdogo, umenyooka, mzuri kuliko wa foronya zangu. Mzee Machano, ambaye alikuwa macho muda wote, akageuza shingo kuelekea dirishani.

"Mke mkubwa," akaniita, "huyu mdogo anajua kushona. Wewe nenda kwenu."

Ndipo nikajua amepona.

*

Sheria lakini ni sheria, na mume wangu alikuwa mtuhumiwa. Kidonda kilipokauka tukaitwa mahakamani.

"Nani alitoa taarifa?" Hakimu akauliza.

"Mke mdogo," Mzee Machano akajibu, akimwonyesha Mwatumu.

"Na huyu mama?"

"Mke mkubwa."

Hakimu akamtazama mzee juu hadi chini kwa heshima mpya. Mwatumu akasimama. "Mheshimiwa, mimi ni mjukuu wake."

"Mke wake ni mjukuu wake?" Hakimu akaweka kalamu chini. "Koplo, ongeza shitaka!"

Ilibidi wazee wote waliokaa nyuma wamweleze Hakimu utani ule. Alilelewa mjini, maskini. Tukarudi kwenye ngiri.

"Kielelezo kiko wapi?"

Koplo Tabu akamwangalia Daktari Shekuwe. Daktari akasema, "Imerudi ndani."

"Amerudi," Hakimu akamrekebisha.

"Imerudi, Mheshimiwa. Nilisimamia mwenyewe. Tukashona tundu."

"Daktari, utafungwa kwa sarufi! *Amerudi*. Yaani kwa sasa ngiri yumo ndani ya mtuhumiwa?"

"Kilichotoka kimo, mahali pake."

"Yu hai?"

"Kwa sasa anasaga maharage ya mchana, Mheshimiwa."

Hakimu akafunua vitabu, akafumba, akafunua. Mwisho akatoa hukumu, na watu wote wakasimama. Alisema mnyamapori aliyeuawa ni nyara. Mnyamapori aliyefungiwa ni mateka. Lakini mnyamapori aliye hai, katika makazi yake ya asili, anakula na kulala bila kubughudhiwa, huyo hayuko kwa mtu. Huyo yuko hifadhini. Hivyo mahakama inamwachia huru Mzee Machano, na papo hapo inamtangaza kuwa Hifadhi ya Taifa.

Ikatoka kwenye gazeti la serikali. Mipaka ya hifadhi: kaskazini kofia, kusini kandambili. Ndani yake ni marufuku kuwasha moto, kwa hiyo kiko chake cha tumbaku akakiacha, jambo ambalo nimelipigania maisha yangu yote bila Bunge. Nyumbani tukawekewa geti na Koplo Tabu wa kulilinda, ambaye nampikia chai kila siku na sasa ni kama mwanangu. Wageni wanakuja na kamera, wanakaa kimya, wanasubiri ngiri achungulie. Mzee Machano akipiga mwayo wanapiga picha. Mimi mkewe kumkanda mgongo naingia kwa kibali.

*

Miwani ya awamu ya pili ilipowasili, Mheshimiwa Chambilecho alitaka apigwe picha akishusha sanduku kwa mikono yake. Akainama mbele ya kamera, akanyanyua. Waandishi waliokuwa karibu wanasema walisikia paa.

Akakimbizwa hospitali kuu. Alipomwona Profesa Sikitu anakuja na bakuli usoni na muhogo mkononi, akarukia dirisha. Akaenda uwanja wa ndege atibiwe ng'ambo, wakamgeuza. Kusafirisha mnyamapori hai nje ya nchi ni kosa, sheria ni yake mwenyewe. Akaenda polisi kujisalimisha.

"Nikamateni! Nina ngiri!"

"Mheshimiwa unatupima," mkuu wa kituo akasema, amesimama wima. "Kiongozi wetu hawezi kuwa na nyara."

"Yumo humu! Ngiri wangu si pepe! Shika uone!"

Askari wakafumba macho, wakapiga saluti, wakaimba wimbo wa taifa mpaka akaondoka.

Adhuhuri nikamwona getini kwetu, anatembea kama mtu aliyebeba mtungi katikati ya mapaja. Uso umemparama. Nikamhurumia, ni mtoto wa mtu naye, na mama yake angemwona vile angelia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kivulini. Ila Mheshimiwa, mzee pale usimsogelee sana. Ni hifadhi. Anayemgusa bila kibali anakamatwa hapohapo."

"Hata kiongozi?"

"Koplo wangu haangalii cheo. Wanyamapori wamekula kiapo."

Koplo Tabu, aliyekuwa anachovya mkate kwenye chai, akaitikia kwa kichwa.

Mheshimiwa akapangusa jasho. "Anakamatwa... halafu anapelekwa wapi, mama?"

"Mbugani."

Akanitazama. Wajukuu zangu, mnakijua kile kimulimuli kinachowaka machoni mwenu pale mnapotegua kitendawili? Kiliwaka. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Mzee Machano, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akamng'ang'ania shingoni.

"Jangili!" Mzee Machano akapiga kelele kwa furaha. "Koplo! Jangili!"

Filimbi ikapulizwa. King'ora kikaja. Mheshimiwa akapanda gari mwenyewe, ananyoosha mikono afungwe pingu, anasema ahsante, ahsante.

Mwatumu, ambaye siku hizi anasomea huko kibandani, amenisimulia yaliyofuata. Walimlaza mezani. Daktari Shekuwe akasimama juu yake, mikono imenawa, kisu hakijaguswa.

"Ngiri wako anauma," akauliza, "au ngiri yako inauma?"

Mheshimiwa akageukia dirishani. Nje wale wenye mikia walikuwa wamepiga magoti, wanakula. Akawatazama muda mrefu. Kila kitu alichokihutubia kilikuwa pale kinatafuna nyasi, hakiumwi popote.

"Inauma, Daktari," akasema. "Hii. Yangu. Inauma sana."

"Mwatumu," Daktari akasema, "haya, shona wewe, nami niko hapa."

Alipopona, Mheshimiwa alirudi bungeni akiwa amebadilika. Akaileta sheria upya, ikapita kwa sauti ya ndiyo: ngiri ya kiongozi ni *hii* na ni ugonjwa, ngiri wa mwananchi ni *huyu* na ni mnyama kama zamani. Wananchi hatukununa hata kidogo. Asubuhi ukipita ofisi ya Wanyamapori utakuta foleni inazunguka jengo, wanaume wameshika vinena, wanagombania pingu.

Jibu mmeshalipata: ni mume wangu. Ameketi hapa, anasinzia, kamera zinamsubiri. Na mji mlionipa siuhitaji tena, nawarudishia. Njooni muuchukue mtondogoo.